Likizo ya Watamu kwa kufuata maji: kuogelea, michezo na matembezi

Kabla ya kulipia chumba Watamu, pwani ya Kenya, hesabu mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi tangu uandame, siku utakayofika. Wageni wengi hutazama picha za bwawa na vitanda, kisha wanafika na kukuta bahari imerudi nyuma mita mia kadhaa, wanabaki kujiuliza imekwenda wapi. Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Pale ulipoogelea jana alasiri, leo asubuhi unapita kwa miguu. Mwenye kujua saa za maji hapotezi hata asubuhi moja, kwa sababu kila hali ya bahari ina starehe yake.

Kusoma maji

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na tena usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo mwezi ukifika siku ya nane au ya tisa mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na hayaendi mbali. Hayo ndiyo maji mafu, na tofauti yake ni kama mita moja na kidogo.

Hesabu hiyo inatosha kuchagua wiki. Kwa kupanga saa kamili tumia jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo hutolewa na Mamlaka ya Bandari Kenya. Watamu hutofautiana nalo kwa dakika chache tu. Kuwa mwangalifu na saa zenyewe. Jedwali likiandika 10:20, hiyo ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kuna watu wamefika ufukweni saa kumi alasiri na vifaa vyote mkononi, wakakuta bahari imejaa pomoni, kwa sababu tu walisoma tarakimu kama zilivyo.

Jambo la pili la kulijua ni mwendo wa maji. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kumi hivi, lakini maji hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza hupanda taratibu, ya pili huongeza, na saa ya tatu na ya nne ndizo za hatari: katika saa hizo mbili peke yake hupanda nusu ya kimo chote. Siku ya bamvua hiyo ni karibu mita moja kwa kila saa. Mtu aliyekwenda kisiwani maji yakiwa magotini, akakaa saa tatu, anarudi yakiwa shingoni na mkondo juu yake.

Msimu, hoteli na safari

Desemba hadi Machi ni msimu wa upepo wa kaskazi. Jua ni kali, bahari imetulia na maji ni maangavu, ndiyo miezi mizuri zaidi kwa kutazama samaki na matumbawe. Upepo wa kusi huingia Aprili pamoja na mvua za masika. Bahari huchafuka, boti hutoka kwa nadra, na baadhi ya hoteli hufunga Mei na Juni ili kufanya matengenezo. Julai hadi Septemba hewa ni ya baridi nzuri, upepo unavuma, na hiyo ndiyo miezi ambayo nyangumi hupita nje ya mwamba wa matumbawe. Oktoba na Novemba, kusi ikishaisha na kaskazi haijaanza, bahari hulala, bei hazijapanda za Krismasi, na mvua za vuli kwa kawaida hunyesha kwa vipande. Kwa familia isiyobanwa na ratiba ya shule, tungechagua Oktoba bila kusita.

Unapouliza bei ya chumba, uliza inahusu nini hasa: kulala na kifungua kinywa tu, milo miwili, milo mitatu, au kila kitu pamoja na vinywaji. Kama utatoka kwenda magofu ya Gede, hori la Mida na mji wa Malindi, milo miwili inatosha, maana mchana hutakuwa hotelini na chakula ulicholipia kitabaki jikoni. Uliza pia kama kuna bei ya wakaazi. Ukipewa, beba kitambulisho cha kila mtu mzima, kwa kuwa hoteli nyingi hudai tofauti pale mapokezi ukikosa. Swali ambalo wachache huliuliza, nalo ni la maana: maji yakipwa, mbele ya hoteli panabaki mchanga au mawe? Watamu ina ghuba kadhaa, na hata ndani ya ghuba moja kuna vipande vya mchanga laini na vipande vya mwamba wenye ncha. Mwenye watoto wadogo achague penye mchanga, hata kama chumba ni cha kawaida.

Kufika ni rahisi. Treni ya Nairobi hukushusha Miritini, kituo cha Mombasa, baada ya saa tano hadi sita, na kutoka hapo hadi Watamu ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Weka saa tatu, kwani foleni ya Mtwapa haitabiriki. Kwa matatu, panda ya Mombasa–Malindi, shuka Gede, kisha chukua tuktuk au bodaboda kwa kilomita saba hivi zilizobaki. Ndege za Malindi hutua umbali wa nusu saa kwa gari. Anayetoka Tanga au Dar es Salaam huvuka mpaka Horohoro na Lungalunga, na ni vyema alale Mombasa usiku mmoja kuliko kuingia Watamu usiku wa manane akiwa hoi.

Siku ya bamvua

Ukibahatika na bamvua, siku imejipanga yenyewe: asubuhi ni ya mwamba, alasiri ni ya kuogelea.

Toka na boti kama saa mbili na nusu, maji yakiwa yanatoka. Sehemu ya matumbawe iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Malindi, na kuingia kuna ada. Ada hiyo hulipwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali ya Kenya, si kwa fedha taslimu, kwa hiyo lipa ukiwa hotelini penye mtandao na uhifadhi risiti kwenye simu. Kabla ya kupanda boti, patana na nahodha mambo manne kwa maneno yaliyo wazi: bei ni ya mtu au ya boti nzima, ada ya hifadhi imo au haimo, miwani na mirija imo au inakodishwa, na mtakaa majini muda gani. Kisha hesabu majaketi ya kuelea kwa macho yako. Yawe sawa na idadi ya watu, na ya watoto yawe ya watoto. Likikosekana moja, usipande.

Miwani ya kuzamia ndiyo inayoharibu au kuokoa asubuhi yote, basi ijaribu nchi kavu. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, achia mkono. Ikishika yenyewe, inakufaa. Ikianguka, omba nyingine. Nywele zilizoingia chini ya mpira huvujisha, na masharubu vilevile. Yapake mafuta ya mgando kidogo chini ya pua. Ukungu kwenye kioo huondolewa kwa mate: tema, sugua kwa kidole, suuza mara moja kwa maji ya bahari. Watu hukaza mkanda wakidhani ndiyo dawa ya kuvuja, lakini mkanda uliokazwa sana huukunja mpira na maji huingia zaidi. Ukiwa majini, laza mwili, uma mrija bila kuutafuna, pumua polepole kwa mdomo. Wanaopaniki karibu wote huwa wamesimama wima wakipiga miguu.

Usikanyage tumbawe hata likionekana kama jiwe tu. Ni viumbe hai, na tawi la ukubwa wa mkono lililokua kwa miaka mingi huvunjika kwa kisigino kimoja. Nahodha akitoa mkate wa kulishia samaki, mkatalie kwa heshima. Samaki wanaopaswa kula mwani huacha kazi yao, na mwani ukizidi huyafunika matumbawe. Ukimwona kasa, mwache apite. Mara kwa mara hulazimika kupanda juu kuvuta hewa, na mtu anayemwogelea kwa juu humzuia.

Mgongo ndio unaoungua siku hiyo, pamoja na nyuma ya magoti. Watamu iko karibu nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na ukilala kifudifudi majini husikii joto la jua. Fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko chupa yoyote ya mafuta, tena haiachi kemikali kwenye matumbawe.

Wanaopenda kutembea badala ya boti waende kwenye visiwa vya mawe vilivyo karibu na ufuko, vile vilivyoliwa chini na mawimbi hadi vikafanana na uyoga. Anza saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanapotoka. Maji yakianza kugeuka, nawe geuka. Kosa la kawaida ni kuangalia upande wa bahari kuu ukisubiri uone yanakuja, kumbe yanajaza kwanza vile vijia vya chini vilivyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Vaa raba au viatu vya plastiki vilivyofunga vidole, si ndara.

Saa nane mchana maji yanarudi mpaka kwenye mchanga, na kuanzia hapo hadi jua kuzama ni wakati wa kuogelea. Siku kubwa za bamvua maji hufika hadi ukuta wa hoteli na mchanga wote huzama, kwa hiyo usiache viatu na mikoba chini.

Michezo ya mchangani

Mpira wa miguu na voliboli havitaki mchanga mmoja. Mpira huchezwa vizuri kwenye mchanga mbichi ulioshindiliwa na maji yaliyotoka punde, ambao haumezi mguu na mpira unadunda. Saa mbili baada ya maji kuanza kutoka uwanja uko tayari, na utadumu hadi maji yakirudi. Voliboli inataka mchanga mkavu, laini, juu ya mstari wa maji, maana watu hujirusha chini, na kwenye mchanga mgumu ni kuvunja viwiko. Uwanja rasmi wa voliboli ya ufukweni ni mita 16 kwa 8. Wavu huwekwa mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Kwa familia iliyochanganyika uteremshe mpaka mtoto wa miaka kumi na miwili aweze kuugusa kwa juu akiruka. Kabla ya mchezo wowote wapange watu mstari mmoja, wapite uwanja mzima wakiokota chaza, vipande vya matumbawe na vigae vya chupa. Ni kazi ya dakika tano.

Kwa jioni tulivu hakuna mchezo unaofaa pwani kuliko bao, na huhitaji ubao. Chimba mchangani. Chagua mchanga mbichi, ule unaoshikana ukiufinya, kwani mkavu huporomoka na mashimo hujaa baada ya mchezo mmoja. Chora mistari minne, kila mmoja uwe na mashimo manane, shimo likiwa na upana wa ngumi na kina cha vidole viwili, na kati ya shimo na shimo acha vidole vitatu. Okota kete 64: mbegu za komwe ukizipata, la sivyo vijiwe mviringo vinavyolingana.

Anayejifunza aanze na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, mashimo yote 32. Mistari miwili iliyo upande wako ni yako. Chukua kete za shimo moja na uzigawe moja moja kwa mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linaloelekeana nalo lina kete, unakula hizo na kuzigawa upya kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, kulia au kushoto. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Anayeishiwa kete mstari wa mbele ameshindwa.

Bao kamili huanza tofauti. Kila mchezaji huweka kete sita kwenye nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia katika mstari wa mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Zilizobaki 22 hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja kila zamu. Hiyo ni hatua ya namua. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Wanaoanza huvuruga mchezo kwa kuichezea nyumba mapema. Iacheni ijae: nyumba nono ndiyo inayozunguka upande wako wote. Ukikuta wazee wa Watamu wamekaa barazani na ubao, wasalimie kwanza, shikamoo kwa kila mmoja, kisha tazama kimya. Mara nyingi watakukaribisha wenyewe.

Karata, keram na dhumna zipo karibu kila hoteli, hazihitaji maelezo. Beba karata zako za plastiki, kwani za karatasi hulainika kwa unyevu baada ya usiku mmoja.

Matembezi ya siku za maji mafu

Maji mafu mikondo hupungua nguvu na kina hakibadiliki sana, kwa hiyo wazamiaji wa mitungi huzipenda siku hizo. Kwa wengine ni siku za kutoka.

Gede ndiyo ya kwanza. Mji huu wa Waswahili ulianza karne ya 12, ukastawi sana karne ya 15, na ukahamwa karne ya 17. Ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Fika saa mbili asubuhi kabla ya joto, tenga saa mbili, na uchukue mwongozaji wa pale, kwa sababu bila maelezo utaona kuta tu. Mwombe akuonyeshe kaburi lenye tarehe, lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Kisha visima, na mifereji ya maji katika Msikiti Mkuu na jumba la kifalme. Simama kwenye mlango mmoja wa nyumba utazame jiwe la tumbawe lilivyochongwa, halafu kumbuka kwamba ndani ya vyumba hivi vilipatikana vyombo vya kaure kutoka China. Kima wa Gede hawaogopi watu, na mfuko ukilia tu wanajua kuna ndizi. Chakula kiache garini. Paka dawa ya mbu, maana magofu yamo msituni. Mradi wa vipepeo wa Kipepeo uko hapo hapo getini. Watoto wapewe nusu saa.

Hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lina saa zake mbili tofauti, na ukizichanganya utarudi umesikitika. Kwa mtumbwi kati ya mikoko, nenda maji yakiwa yamejaa: asubuhi siku za maji mafu, alasiri siku za bamvua. Kwa kutazama ndege, nenda maji yanapoanza kuingia, kwa sababu yanawasukuma ndege kutoka tope la mbali hadi karibu na daraja la mbao. Mlango wa hori una mkondo mkali maji yanapotoka. Usiogelee pale hata kama unaona vijana wa kijijini wanaruka.

Malindi ni safari ya nusu siku kwa mnara wa baharia Mreno Vasco da Gama, aliyefika mwaka 1498, na kanisa dogo la Wareno. Marafa, kwenye bonde lililoliwa na mvua likabaki kuta za rangi nyekundu, njano na nyeupe, iende alasiri, ufike kama saa kumi na nusu ili jua la jioni lizipige kuta zile. Mchana ni tanuri.

Ukiumia

Ukikanyaga wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu, toa miiba inayoonekana kwa kibanio, usichimbe iliyokatikia ndani. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza maumivu. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Maumivu makali mno yanayopanda mguuni mara moja huenda ni samaki anayefanana na jiwe, mwenye sumu kwenye miiba ya mgongo. Maji ya moto yale yale, na safari ya hospitali papo hapo. Dawa ya kichefuchefu cha boti humezwa saa moja kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika haisaidii.

Siku ya kuondoka

Hoteli nyingi hutaka chumba saa nne asubuhi. Kama ni bamvua, saa hiyo ndiyo bahari imepwa na mwamba uko wazi, basi waombe mapokezi wakushikie mizigo na wakupe chumba cha kuogea baadaye. Aliyezamia kwa mtungi asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Kama amezamia siku kadhaa mfululizo, asubiri 24. Magamba, nyota za bahari na vipande vya matumbawe viache vilipo. Kuvitoa hifadhini ni kosa kisheria, na mizigo hukaguliwa uwanja wa ndege. Suuza miwani, mapezi na raba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vianike kivulini dakika ishirini, ndipo ufunge begi.